Je, Mnyama wa Mwaka Ana Amri juu ya Riziki na Ndoa?



Kijana mmoja mwenye duka la vyombo vya nyumbani huko Kariakoo, Dar es Salaam, alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri, naye amekunja kalenda kubwa nyekundu chini ya kwapa. Kijana huyu hajatimiza miaka miwili tangu aingie katika Uislamu, na ni mwepesi wa kuuliza, jambo ambalo nalipenda kwa mwanafunzi. Kalenda ile alipewa zawadi na mfanyabiashara wa Kichina anayemwuzia mali kwa jumla. Juu yake palikuwa na picha ya farasi anayekimbia, kwa sababu mwaka mpya wa Kichina ulioanza tarehe 17 Februari 2026 ni mwaka wa Farasi.

Lakini kijana hakuja kunionyesha picha. Alikuwa amekwisha kubaliwa posa yake, mahari imepatanwa, na wazee wa pande zote mbili wameridhia. Kisha mtu mmoja pale mtaani akamfasiria kalenda ile. Alimwambia: Wewe umezaliwa mwishoni mwa mwaka 1996, basi wewe ni Panya, mchumba wako amezaliwa katikati ya mwaka 2002, basi yeye ni Farasi. Panya na Farasi hukabiliana katika duara la wanyama, wala hawapatani. Tena huu ni mwaka wa Farasi, na mwaka wa mnyama wako mwenyewe huhesabiwa kuwa wa hatari. Kijana alipoingiwa na hofu alikwenda kwa mpiga ramli wa hapa hapa kwetu ili ahakikishe, na huyo naye, baada ya kuhesabu herufi za majina yao, akamwambia kuwa nyota zao zinapigana. Basi akaahirisha ndoa bila kumweleza mtu sababu. Sasa mama wa binti anauliza, “Mwanangu ana aibu gani?”

Akanambia, “Mwalimu, mimi namwamini Mungu Mmoja. Lakini Wachina na Waswahili hawajuani katika elimu hizi, nao wamesema neno moja. Je, naweza kulipuuza?”

Ndugu msomaji, swali hili si la kijana huyu peke yake. Kwa hiyo nimeona heri nilijibu hapa kwa urefu kidogo.

KALENDA YA KICHINA NA WANYAMA WAKE

Haifai kulikataa jambo kabla ya kulijua. Kalenda ya Kichina ya zamani hufuata mwezi na jua pamoja. Kila mwezi huanza kwa mwezi kuandama, na ili miezi isiachane na majira, huongezwa mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19. Kwa sababu hiyo mwaka mpya wao hauna tarehe moja katika kalenda ya Kizungu, bali huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Hii ni elimu ya hesabu iliyopatikana kwa kutazama mbingu kwa karne nyingi, nasi hatuna sababu ya kuidharau.

Juu ya hesabu hiyo pamewekwa majina ya wanyama kumi na wawili: panya, ng’ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Hadithi yao moja husema kwamba Mfalme wa Mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto, na panya, kwa ujanja, akapanda mgongoni kwa ng’ombe, kisha akaruka mbele na kuwa wa kwanza. Wanyama hawa huunganishwa na vitu vitano, yaani mti, moto, udongo, chuma na maji. Hivyo duara kamili hutimia kwa miaka 60.

Katika sikukuu yenyewe yamo mambo mengi mazuri. Watu husafiri mbali ili wale pamoja na wazazi wao usiku wa kuamkia mwaka. Madeni hulipwa kabla ya mwaka kuingia, nyumba husafishwa, na watoto hupewa fedha katika bahasha nyekundu. Lakini yamo pia mambo ya imani: baruti na rangi nyekundu za kufukuzia dude la hadithi liitwalo Nian, sadaka za vyakula vitamu kwa mungu wa jikoni, uvumba kwa roho za mababu, na katazo la kufagia siku ya kwanza lisije likafagiwa nje pamoja na takataka zile bahati ya nyumba.

SISI NASI JE?

Ndugu msomaji, tusiwacheke Wachina. Mwenye nyumba ya makuti hatupi kijinga cha moto kwa jirani.

Katika pwani yetu tunayo siku ya mwaka, iitwayo pia Nairuzi, neno la Kiajemi. Makunduchi, kule Unguja, huadhimishwa kila mwaka mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Watu hupigana kwa mashina ya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka mzima, kibanda huchomwa moto, na watu huoga baharini. Tena wako miongoni mwetu wanaoogopa kuoa au kusafiri katika Mfungo Tano, yaani mwezi wa Safar. Wako wasiofungua duka mpaka wafukize, na wako wanaomrudisha mteja wa kwanza wakisema ana kisirani.

Ama huyo mpiga ramli wa kijana wetu, njia yake ni hii: huchukua jina la mtu na jina la mama yake, huipa kila herufi ya Kiarabu hesabu yake, hujumlisha, kisha hugawanya kwa kumi na mbili. Kinachobaki ndicho nyota yake: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu au Hutu. Nyota hizi ni zile zile za Wayunani na watu wa Babeli, nazo ndizo zinazochapwa magazetini. Ila magazeti hutazama siku ya kuzaliwa, na mpiga ramli hutazama jina.

Sasa tupime kwa akili. Mtu mmoja ni Panya kwa mwaka wake, ni Akrabu kwa jina lake, naye ni Kausi kwa siku ya kuzaliwa kwake. Ni ipi kati ya hizo inayomtawala? Akibadili jina, kama wafanyavyo wengi wanaosilimu, je, mbingu nazo hubadili amri? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Ukiwagawa kwa wanyama kumi na wawili, kila mnyama atapata watu zaidi ya milioni tano. Je, milioni tano hao wote watapata faida siku moja, na wote waache kuoa mwaka mmoja?

Wala msomaji hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza jengo kuu la Soko la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Katika vizimba vile walikuwamo vijana na wazee waliozaliwa katika miaka ya kila mnyama, wenye majina ya kila hesabu. Moto haukumwuliza mtu nyota yake. Waliopoteza walipoteza pamoja, na baadaye mmoja aliinuka na mwingine hakuinuka, kwa sababu zinazojulikana: akiba, ndugu, mkopo, bidii, na fadhili za Mwenyezi Mungu.

Kijana alisema kuwa Mchina na Mswahili wamekubaliana. Hapana, hawakukubaliana. Mmoja alitazama mwaka, wa pili alitazama herufi, na kila mmoja alikuwa na majibu mawili tu ya kutoa: wanapatana, au hawapatani. Watu wawili wakirusha shilingi mbili na zote zikaangukia upande mmoja, hatusemi kwamba shilingi zimeshuhudia jambo.

HOFU HUUA KULIKO NYOTA

Labda mtu atasema: Hata kama si kweli, kuna ubaya gani kujihadhari? Ubaya upo, nao ni mkubwa. Sikiliza habari za Japan.

Huko, ambako nako wanyama wale kumi na wawili hujulikana, watu waliamini kwamba mwanamke aliyezaliwa katika mwaka wa Farasi wa Moto, unaokuja mara moja kila miaka 60, atakuwa mkali na kumletea mumewe kifo. Mwaka 1966 ulikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1965 walizaliwa Japan watoto 1,823,697. Mwaka 1966 walizaliwa 1,360,974 tu. Na mwaka 1967 walizaliwa 1,935,647. Yaani katika nchi yenye viwanda, vyuo vikuu na treni za kasi, robo nzima ya uzazi ilitoweka kwa mwaka mmoja kwa sababu ya jina la farasi. Wasichana waliozaliwa mwaka ule walikua, wakasoma, wakaolewa na kuzeeka na waume zao kama wanawake wengine. Farasi hakumdhuru mtu. Kilichodhuru ni hofu ya farasi.

Huko China nako watu hupenda mtoto wa mwaka wa Joka. Mwaka 2023 walizaliwa watoto milioni 9.02, na mwaka 2024, uliokuwa wa Joka, wakazaliwa milioni 9.54. Na watoto hao wanaozaliwa kwa wingi ili wawe na bahati, hukuta madarasa yamejaa kuliko ya wenzao.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga katika jumba la Mfalme wa China. Wachina hawakuwa wakimjua mnyama huyo, basi wakamdhania kuwa ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayetokea kuwa ishara ya utawala mwema. Sisi tunamjua twiga: anakula majani ya migunga, anazaa na kufa. Lakini alipovuka bahari akawa ishara ya mbingu. Naye farasi, ambaye Wachina wanamjua kwa kuvuta gari na kubeba mizigo, amevuka bahari kwa picha akaja kuwa hakimu wa ndoa Kariakoo! Imani za namna hii hustawi pale ambapo ujuzi umekoma.

MAFUNDISHO YA KURANI TUKUFU NA MTUME S.A.W.

Sasa tuitazame njia aliyotuonyesha Mwenyezi Mungu.

Kwanza, Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara inatufundisha kwamba miezi iandamapo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Haji. Ni vipimo tu. Saa ya ukutani hukuonyesha wakati wa kula, lakini haikuletei chakula. Vile vile Sura Al-An’am inatukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili tupate njia katika giza la bara na bahari. Manahodha wetu wa majahazi walizitumia hivyo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na hakuna aliyewalaumu. Kuitazama nyota ili ujue kaskazini ni elimu. Kuitazama ili ujue kama mkeo atakufa ni upotovu.

Pili, angalieni hekima ya mwaka wa Kiislamu. Kurani Tukufu katika Sura At-Tauba imekataza desturi ya Waarabu ya kuahirisha miezi mitakatifu. Kwa hiyo mwaka wetu una siku 354 au 355, na miezi yetu huzunguka katika majira yote. Ramadhani huja wakati wa masika, huja wakati wa kipupwe, huja wakati wa joto. Hakuna mwezi wenye bahati ya asili wala nuhusi ya asili. Na hapa pana jambo la ajabu: mwezi ule ule ulioandama na kuingiza mwaka wa Farasi mwaka 2026 ndio ulioingiza Ramadhani ya mwaka 1447 Hijria siku moja au mbili baadaye. Watu wa taifa moja waliutazama wakawasha baruti. Watu wengine waliutazama wakanuia kufunga. Mwezi haukuwa na habari na yeyote kati yao. Ulikuwa unamtii Aliyeuumba.

Tatu, mwezi wa Januari mwaka 632 alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Lau Mtume s.a.w. angekuwa mtu wa kutaka utukufu kwa uwongo, angenyamaza tu, na kila mtu angeamini. Lakini yeye, moyo wake ukiwa na huzuni ya baba aliyefiwa, alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, wala hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kama jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, je, mbingu zitashughulika na posa ya mwenye duka na kuipinga?

Nne, Mtume s.a.w. alikataza kuamini mikosi ya ndege na nuhusi ya mwezi wa Safar, na alionya kwamba anayemwendea mpiga ramli kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Sababu yake ni nzito. Moyo wa mtu una kiti kimoja cha enzi. Akikaa hapo farasi, au Akrabu, au kisirani cha mteja wa kwanza, basi tauhidi imekwisha kubaki ulimini tu.

Lakini haya hayana maana ya kuacha hadhari. Seyidna Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Shamu alisikia kuwa kuna tauni, naye akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia amri ya Mungu, alijibu kwa maana ya kuwa anatoka katika amri moja ya Mungu kwenda katika amri yake nyingine. Tauni ni sababu ya kweli. Inaambukiza na kuua. Jina la mnyama si sababu ya kitu chochote. Mwislamu huziheshimu sababu na kuzikataa ndoto.

JE, TUSHIRIKI SIKUKUU YA JIRANI?

Wachina si wageni wa jana kwetu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliwagharimu maisha yao, na zaidi ya wataalamu wao 60 wamezikwa katika makaburi yao huko Gongo la Mboto. Leo wengine ni jirani zetu madukani. Haki ya jirani katika Uislamu haina sharti la dini.

Basi mpe jirani yako mkono wa heri siku yake. Pokea zawadi yake, nawe mpe zawadi. Igeni desturi yao ya kulipa madeni kabla ya mwaka na kurudi kwa wazazi, maana mambo hayo ni ya Kiislamu kuliko baruti za wengi wetu. Lakini usile nguruwe wala kunywa pombe kwa kumwonea haya mwenyeji. Usiinamie uvumba wa mababu. Wala usivae uzi mwekundu ukitumaini utakulinda. Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za kale za michezo. Hakuwatukana, bali aliwafundisha kuwa Mungu amewapa badala yake siku mbili bora, Idi mbili, ambazo furaha yake huanza kwa sala na sadaka.

JIBU KWA KIJANA

Nilimwuliza kijana wangu, “Je, umemwona binti huyu ana kasoro katika dini yake?” Akajibu, “La.” “Katika tabia yake?” “La, Mwalimu.” “Wazazi wamekataa?” “Wamekubali.” Nikamwambia, “Basi wewe unamdhulumu mwanamke kwa ushahidi wa picha. Mama yake anauliza aibu ya binti yake, nawe umenyamaza. Huoni kuwa aibu imo kwako?”

Akainamisha kichwa. Nikamweleza kuwa Mtume s.a.w. hakutuacha mikono mitupu. Pale tunaposita ametupa mambo mawili: kushauriana na wenye busara, na sala ya Istikhara. Unasali rakaa mbili, unamwomba Mwenye kujua yote akuwezeshe jambo hilo kama lina heri katika dini yako na maisha yako, na kama lina shari akuepushe nalo na kukupa heri nyingine. Tazama tofauti. Mpiga ramli hukupa habari asiyoijua, huchukua fedha zako na kukuachia hofu. Istikhara haikupi habari ya kesho, bali inakukabidhi kwa Mwenye kesho.

Kisha nikamkumbusha kwamba Waarabu wa zama za ujinga waliuogopa mwezi wa Shawwal, wakisema kuwa ndoa yake haina heri. Bibi Aisha r.a. alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa na Mtume s.a.w. katika mwezi huo huo wa Shawwal, naye alipenda wanawake wa jamaa zake waingie kwa waume zao mwezi huo. Shawwal ndio Mfungo Mosi wetu. Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Juma lile alikwenda kwa wazazi wa binti, akakiri yote bila kujitetea, na akaomba radhi. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema maneno machache: “Mwanangu, ulitafuta nyota, na binti alikuwa anakungoja hapa.” Wakapatana kuwa akdi ifungwe Mfungo Mosi.

Mimi sikumwahidi kijana kuwa ndoa yake haitakuwa na siku ngumu. Watagombana kwa mambo madogo, biashara itapanda na kushuka, na maradhi huja nyumba zote. Lakini siku hiyo ngumu ikija, asiseme, “Niliambiwa!” Nyumba ambayo kila ugomvi wake unahesabiwa kuwa ni utabiri uliotimia haiwezi kusimama. Badala yake na atafute sababu, asamehe, na asali.

Na wewe, ndugu msomaji unayetafuta ukweli, jipime leo. Ni jambo gani umeliahirisha kwa kuogopa kitu kisichokusikia ukikiita? Deni? Safari? Ndoa? Toba? Lifanye katika jina la Mwenyezi Mungu, ambaye usiku na mchana vyote ni vyake.

Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na kila shirki, ya wazi na ya siri, atupe yakini juu yake, na aziongoze jamaa za mashariki na magharibi kwenye nuru ya Umoja wake. Amin.